Udongo wa Mlango wa Mfalme

Mwezi uliopita tuliiuza nyumba ya Firq, na siku ya kuvunja geti nilikwenda kusimamia mwenyewe. Ningeweza kumtuma mtu. Siku hizi nina watu wa kutuma. Lakini geti lile baba yangu alilichomelea kwa mkono wake, na mimi ndiye niliyeirithi kazi yake na kuikuza kupita alivyowahi kuota, kwa hiyo nilisimama juani na miwani yangu na viatu vyangu vizuri, nikatazama. Geti liling'oka bila shida. Kisha kijiko cha mashine kikashuka pale pale lilipokuwa, kikachota udongo wa mbele ya mlango na kuumwaga kwenye lori. Walikuwa wameumwagia maji kuzuia vumbi, na harufu yake ikanipanda puani. Nikashika mlango wa gari langu. Dereva wa mashine akaniuliza kama jua limenipiga. Nikamwambia aendelee na kazi yake.

Nyinyi wa rika langu, mliokuja huku Oman wadogo mmeshikwa mikono na wazee wanaosema "tunarudi kwetu" wakati nyinyi kwetu huko hamjawahi kukuona, mtanielewa nikijisifu kidogo. Skuli nilichekwa kwa Kiarabu changu. Nikakimeza chote mpaka nikawa ninawasahihisha walionicheka. Chuo cha ufundi Ibra nilikuwa msichana peke yangu katika darasa la uchomeleaji, na nilitoka na diploma ambayo leo imetundikwa nyuma ya meza yangu, mahali ambapo mteja anaiona kabla hajakaa. Kutoka Nizwa hadi Sur watu wanafunga nyumba zao kwa milango yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Haya nimeyasimulia harusini na misibani, na sioni haya kuyasimulia tena. Ila ziko siku chache ambazo huziruka kila mara, za mwaka nilipokuwa na miaka tisa. Leo siziruki.

Tulitoka Tabora nikiwa na miaka minne. Baba alianza kwa kubeba vyuma katika karakana ya mtu, na haukupita muda akawa na yake mwenyewe, hapo hapo Sanaiya ya Firq, kwenye karakana za magari na za vyuma, mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani. Alitengeneza mageti: yenye maua, yenye nyota, yenye majambia mawili yaliyopishana. Nyumbani tulikuwa wanne. Baba, mama yake, yaani Bibi, mzaliwa wa Unguja aliyeolewa Tabora na kuletwa Oman uzeeni, Mama, na mimi. Tulitakiwa tuwe zaidi. Tangu tufike, Mama alikuwa amepoteza mimba mbili, na mwaka huo alikuwa na ya tatu, mwezi wa tano. Ndani ya nyumba tulitembea kama watu waliobeba trei ya glasi. Hakuna aliyefunga mlango kwa kishindo. Hakuna aliyetaja mtoto.

Fundi wa kwanza wa Baba aliitwa Nitai. Alikuwa Mbengali, na tofauti na Mbengali mwenzake Shafiq, ambaye alikuwa Mwislamu na akiswali na Baba, Nitai alikuwa Mhindu. Bibi alimwita Banyani, kama walivyowaita Wahindu wa kwao Unguja, lakini jambo moja lilimsumbua.

"Banyani gani huyu anakula samaki?" alimwuliza Baba siku ya kwanza. "Mabanyani wetu hata yai walikuwa hawagusi."

"Wa kwao wanakula, Mama."

"Basi si Banyani huyo. Ni mvuvi wa Makunduchi wa kwetu."

Katika miaka minne Nitai alijifunza Kiswahili chake kwa Bibi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akituletea samaki nyumbani kutoka sokoni, na Bibi hakuwa na lugha nyingine ya kugombana naye juu ya samaki. Mimi aliniita Bibi ndogo, na Bibi mwenyewe alikuwa Bibi kubwa. Nitai alimwita Baba arbab, bwana, kama mafundi wote. Mama yangu alikuwa kwake Umm Zuwena, mama wa Zuwena, maana Zuwena ndimi. Kila asubuhi alikuja getini kuchukua ufunguo wa gari, na kila asubuhi alisema "Shikamoo, Bibi kubwa," akanyoosha neno mpaka likachekesha, na Bibi akaitika marahaba huku akificha meno kwa upande wa kanga.

Bibi alikuwa mtu wa swala, lakini alikuwa na elimu nyingine aliyoibeba kutoka Unguja akaiongezea ya Tabora. Katika elimu hiyo, kitu cha mtu kilicho hatari kuliko vyote si unywele wala ukucha, ni unyayo. Mtu akichota mchanga ulioukanyaga, au udongo wa mlango unaoupita, amekushika. Anaufunga, anautajia jina lako, basi. Kila Alhamisi alifagia mwenyewe mbele ya geti kufuta nyayo zetu. Aliniambia, "Mke mwenza" — ndivyo alivyoniita, kama mabibi wanavyotania — "mlango ni mdomo wa nyumba. Usimwachie mtu akakutia mkono mdomoni."

Asubuhi moja, joto la kiangazi likiwa limeanza kuvunjika, nilikuwa juu ya paa nikianua sare yangu ya skuli. Nikamwona Nitai chini, nje ya geti. Kandambili alikuwa amezivua na kuziweka pembeni. Alichuchumaa, akagusa ardhi kwa vidole, akagusa paji la uso wake. Kisha akatoa kijiko cha chai mfukoni, akachota udongo katikati kabisa ya mlango, pale tunapokanyaga sote, akautia kwenye kizibo cha soda na kukifunika kwa kiganja. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Sikusikia hata neno moja. Nilikuwa juu, na pampu ya maji ya jirani ilikuwa ikinguruma.

Akainua kichwa akaniona. Akatabasamu kama mtu aliyefumaniwa akila kabla ya wageni, akaweka kidole mdomoni. Kisha akavaa kandambili zake akaenda.

Niliporudi mchana kutoka skuli geti lilikuwa wazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Jikoni kulikuwa na vitunguu vilivyokatwa nusu. Bibi alikuwa ameketi ukumbini juu ya mkeka na tasbihi yake, na alisema bila kunitazama, "Mama yako kapelekwa hospitali Nizwa. Katoka damu."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimeshakua vya kutosha kujua maana yake. Mara mbili nilishaambiwa hivyo hivyo.

"Leo nani kaja hapa?" akauliza. Alikuwa akijiuliza mwenyewe. "Nani kaupita mlango huu?"

Nikamwambia nilichokiona. Tasbihi ikasimama. Akanivuta, akanishika mabega mawili.

"Alichota wapi?"

"Katikati, Bibi."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Alisema nini?"

Nilitakiwa kusema kwamba sikusikia. Lakini Bibi alikuwa akinitazama machoni kama mtu mzima mwenzake, na katika nchi hii, ambapo mwalimu aliniruka akiuliza maswali na watoto waliigiza matamshi yangu, hakuna aliyewahi kuningojea nijibu namna hiyo.

"Alitaja jina la Mama," nikasema.

"Lake hasa?"

"Lake hasa. Mara tatu."

Hiyo mara tatu niliiongeza kwa sababu mambo ya Bibi yote yalikuwa mara tatu.

Baba alirudi baada ya adhuhuri kuchukua nguo za Mama. Daktari alikuwa amesema wasubiri. Mtoto bado yumo. Bibi akamsimulia yote akiwa amesimama, tayari amevaa buibui. Baba alikuwa mtu wa vipimo na rula, hakupenda mambo hayo, na siku nyingine angecheka. Siku hiyo hakucheka. Alijifuta uso kwa kilemba chake, akasema, "Twendeni."

Karakanani Nitai alikuwa akichomelea. Alipoona Bibi ameingia, Bibi ambaye hakuwahi kukanyaga pale, alizima mashine na kuvua kinyago chake. Baba akamwuliza kwa Kiarabu, neno kwa neno, "Asubuhi umechota udongo mlangoni kwangu?"

"Ndiyo, arbab."

Hakukana. Nadhani hilo ndilo lililotutisha zaidi. Akatuongoza mwenyewe hadi stoo ya nyuma, penye mabati yaliyosimamishwa, akasogeza bati moja.

Nyuma yake kulikuwa na boksi lililotandikwa kitambaa chekundu. Juu yake chungu cha shaba chenye maji, majani ya mwembe na nazi. Ukutani picha ya mwanamke aliyepanda simba, mikono kumi, na kila mkono una silaha. Chini ya miguu yake alilala mwanamume aliyechomwa mkuki kifuani, damu inamtoka, na mwanamume huyo alikuwa na masharubu kama ya baba yangu. Chini ya picha kulikuwa na kioo cha pembeni cha lori, kimefutwa kikang'aa, kimeelekezwa juu kiasi kwamba sura ya yule mwanamke ilionekana ndani yake. Na mbele ya kioo, vizibo saba vya soda, kila kimoja na udongo wake.

Nilijua kuwa nilidanganya. Lakini nilipoyaona masharubu yale, mwili ulinisisimka, nikauamini uongo wangu mwenyewe. Nikaona Baba ndiye aliyelala pale, na Mama ndiye atakayeitwa ndani ya kioo, kama wachawi wa hadithi za Bibi walivyowaita watu.

"Astaghfirullah," Bibi akasema polepole. "Na kioo cha kuwaitia watu."

Nitai alianza kueleza, Kiarabu kikamwishia, Kiswahili kikamwishia, akahamia kwao. Shafiq akawa anatafsiri huku anatazama sakafu; na yeye hakufurahi kusimama mbele ya picha ile.

"Anasema huyu ni Durga, mama yao. Kila mwaka msimu huu anakuja kwa wazazi wake siku chache, kama binti aliyeolewa mbali, halafu anarudi kwa mumewe. Kwao Bengali mtaa mzima unasherehekea, ngoma, taa, nguo mpya. Hapa Nitai yuko peke yake, anafanya kidogo. Kesho ni siku ya kumwogesha. Maji hayamwagwi juu ya picha, yanamwagwa juu ya kioo. Na ndani ya maji lazima uwemo udongo wa mahali mbalimbali. Huu wa njia panda. Huu wa kichuguu. Huu wa vizibo viwili ni wa ng'ambo mbili za wadi, ule mto mkavu." Shafiq akanyoosha kidole kwenye kizibo cha mwisho. "Na lazima uwemo udongo wa mlango wa mfalme. Anasema yeye huku hajui mfalme mwingine. Anakula kwa arbab, basi amechukua mlango wa arbab."

Niliona uso wa Baba ukibadilika. Tangu tufike Firq majirani walituita wale wa Afrika, na hapa palikuwa na mtu mzima aliyeuita mlango wetu mlango wa mfalme.

Bibi naye aliuona uso wa mwanawe. "Wachawi wa kwetu pia walikuwa na maneno matamu," akasema. "Mwulize, Salum. Kama ni kumwogesha mungu wake, jina la mkeo kalitajia nini?"

Shafiq akatafsiri. Nitai akatikisa kichwa, mara nyingi, haraka haraka.

Baba akanigeukia. "Zuwena. Ulimsikia akitaja jina la mama yako?"

Nitai alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa bado na sehemu ya lile tabasamu la asubuhi, kama mtu aliyemwona shahidi wake amefika.

"Nilimsikia," nikasema.

Shafiq hakuhitaji kulitafsiri. Tabasamu likaisha.

Bibi alitaka polisi. Baba akamvuta pembeni, na nilimsikia akisema, "Mama, tukienda polisi atakayesemwa si yeye. Watasema wale wa Afrika wamekuja na uchawi wao. Nimejenga jina hapa kwa chuma, sitaki livunjwe kwa udongo." Wakakubaliana juu ya kitu kimoja: aliyefunga ndiye afungue. Udongo aurudishe yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alipoutoa.

Alasiri ile tulitembea kutoka karakana hadi nyumbani kama watu wa mazishi madogo. Nitai mbele, amekibeba kizibo kwa viganja viwili. Bibi nyuma yake akisoma Ayat al-Kursi bila kupumzika. Baba, halafu mimi. Mafundi wa magari walisimamisha kazi. Jirani yetu, mzee wa pale pale Firq, alitoka akauliza, "Kheri, Abu Zuwena?" na Baba akajibu, "Kheri, kheri, hakuna kitu," bila kusimama. Getini Nitai alivua kandambili kama asubuhi. Akachuchumaa, akaumimina udongo polepole, akausawazisha kwa vidole. Alipomaliza hakugusa paji la uso. Bibi akaukanyaga mara tatu.

"Mke wangu akitoka salama," Baba akamwambia, "tutazungumza. Asipotoka salama, tutazungumza vingine. Mpaka hapo usiguse mashine."

Kwa hiyo kesho yake, siku ya kumwogesha mama yao, alimwogesha kwa udongo wa mahali sita. Nilijua kwa sababu Shafiq alimwambia Baba: alikaa mbele ya kile kioo asubuhi nzima, akashindwa kuanza, halafu akaanza.

Siku tatu zile nilikuwa nikiomba katika kila swala, na dua yangu ilikuwa moja. Nilidhani Mama akipona, Nitai naye amepona. Kwa akili ya miaka tisa niliona wote wawili wako upande mmoja wa mzani: hakuna aliyekufa, hakuna wa kulaumiwa, na mimi sitaulizwa tena. Sikula vizuri. Kila gari liliposimama nje nilikimbilia dirishani.

Siku ya nne Mama alirudi, rangi ya uso imemrudia, mtoto anacheza tumboni. Alipoingia tu akauliza kwa nini kaja kuchukuliwa na Shafiq, Nitai yuko wapi. Bibi akamweleza. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya chini ya mke anayezungumza na mama mkwe, "Lakini Mama, mimi nilinyanyua mtungi wa gesi. Ulikuwa umeisha, nikaunyanyua. Ndiyo damu ikaanza."

"Na nani aliyekutia wazo la kuunyanyua?" Bibi akauliza.

Na hapo ndipo nilipoelewa nilivyokuwa nimekosea hesabu yangu. Udongo ulirudi, damu ikakoma. Kupona kwa Mama ndiko kulikokuwa ushahidi. Kama angepoteza mtoto, Bibi angeweza kusema kuwa ni Mungu amependa. Kwa kuwa hakumpoteza, basi ni mchawi ameshindwa.

Jioni hiyo walikuja akina mama wa kwetu, waliotoka Tabora na Unguja, kwa kahawa na haluwa. Bibi aliniketisha katikati. "Mtoto huyu ana jicho," aliwaambia. "Na ana sikio. Watu wazima tumelala, yeye yuko macho. Huyu kamwokoa ndugu yake." Wakaniombea, wakanishika kichwa mmoja mmoja. Sitawadanganya wasomaji wangu: ilikuwa tamu. Watu huniuliza ujasiri wangu niliupata wapi, wa kusimama peke yangu katika darasa la wavulana na kuwaambia wateja wenye ndevu kwamba vipimo vyao si sahihi. Huwaambia ni bidii. Bidii ipo. Lakini mara ya kwanza kujiona mtu wa maana ilikuwa pale, kwenye mkeka ule.

Baba hakutaka kumfukuza Nitai. Alimrudishia mashine. "Mageti ya watu yananingoja," alimwambia Bibi, "na mimi ubaya wake sijauona." Bibi akarudi kwenye tasbihi yake, na nikaanza kupumua.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya sherehe yao, siku ambayo Durga anarudi kwa mumewe. Shafiq alinieleza miaka mingi baadaye kwamba kwao siku hiyo ugomvi wote unafutwa: wadogo wanawaendea wakubwa, wanawainamia, wanalishana vitamu. Sisi hatukujua. Tulimwona Nitai tu anaingia getini alasiri, amevaa shati safi, na sahani ya bati yenye vitufe vya nazi na sukari. Bibi alikuwa uani kwenye kiti, miguu mitupu, anachambua mchele. Baba alikuwa akinawa mikono bombani.

"Shikamoo, Bibi kubwa," Nitai akasema. Hakulinyoosha neno.

Bibi akasita. "Marahaba," akasema hatimaye.

Akaweka sahani chini. Akapiga magoti, akainama, akaigusa miguu ya Bibi kwa vidole vya mkono wa kulia, akavipeleka vidole vile juu ya kichwa chake. Ndivyo wanavyowaheshimu wazee wao. Wanachukua vumbi la miguu yao na kuliweka kichwani, ndiyo baraka. Neno la kushika miguu, yaani shikamoo, Bibi alilipokea kila asubuhi kwa miaka minne. Mkono wenyewe ulipofika mguuni, aliipandisha miguu yote miwili juu ya kiti kama aliyeona nyoka, na mchele ukamwagika.

Hakupiga kelele. Alisema, "Salum. Kauchukua unyayo wangu mbele ya macho yako."

Baba akaja na mikono inayochuruzika maji.

"Mara ya kwanza mlango, sasa mimi. Mtoto kashindwa kumpata, kaja kwangu." Ile haikuwa hila, Bibi aliogopa kweli. "Akibaki huyu, nirudishe Tabora. Nikafie huko. Chagua leo."

Nitai alikuwa bado amepiga magoti, vidole kichwani. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni, hatua kama nane kutoka kwao. Maneno niliyohitaji kuyasema yalikuwa mawili tu: nilisema uongo. Niliyaweka mdomoni. Bibi akanyoosha mkono kuniita, nikaenda, nikasimama kando yake, akanishika kiuno. Nikayameza.

Wiki ya pili yake Baba alimaliza makaratasi na kumpeleka Nitai Nizwa kupanda basi la Maskati. Nami nilikuwemo, sikujua kwa nini Baba alinichukua; sasa nadhani najua. Kituoni Nitai aliteremsha begi lake nyuma ya pikapu, kisha badala ya kwenda kwenye basi akaja upande wangu, akainama dirishani.

"Bibi ndogo," akasema. "Mama jina lake nani?"

Nikakaza macho kwenye dashibodi.

"Watu wote wanasema mimi nataja. Mimi sijui. Miaka nne nasema Umm Zuwena, Umm Zuwena." Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza ugonjwa wake unaitwaje. "Nataka kujua nilitaja nini."

Nikamgeukia Baba. Alikuwa ameshika usukani, anatazama mbele. Kwetu jina la mwanamke wa nyumba halitolewi kwa mwanamume wa nje. Hata hapa sitaliandika. Bibi alimwita Mama Zuwena, Baba mbele ya watu hakumwita kabisa.

"Basi linaondoka, Nitai," Baba akasema, kwa upole.

Nitai akalitundika begi begani. Kisha akasema, "Mama mzima, mtoto mzima. Sawa," akagonga paa la gari mara moja kwa kiganja, akaenda.

Tulikaribia mzunguko wa Firq kabla sijaweza kufungua kinywa. "Baba, mimi siku ile—"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu karakanani. Nani pale alijua jina la mke wangu? Hata Shafiq halijui."

Hapo nikalia, kwa sauti. Hakunigombeza. Alingoja gari la mbele lipite, akaingia mzunguko.

"Sasa kwa nini umemwacha aende?"

"Fundi nitapata mwingine," akasema. "Mama nitampata wapi?" Halafu, tulipofika mbele ya nyumba, kabla hajazima gari: "Bibi yako usimwambie. Mwache na amani yake. Hili ni langu na lako."

Ndugu yangu alizaliwa mwezi wa Ramadhani, mnene, mwenye sauti. Bibi alimsimulia kisa cha udongo tangu hajaweza kuketi, na kila Idi mbele ya wageni mpaka alipofariki. Baba naye ametangulia, hakusema. Siku hizi ndugu yangu ndiye anayekisimulia. Ni mrefu kuliko sisi sote, ana mke na mtoto, na anakieleza vizuri kuliko Bibi. Kioo, vizibo, dada yake, bado mtoto, juu ya paa. Idi iliyopita alikisimulia mbele ya wakwe zake. Alipomaliza alikuja nilipokaa, kama afanyavyo kila mwaka, ili anibusu kichwani, na mimi nikainamisha kichwa kidogo ili afike.